Milinganyo Mitatu ya Bwana Obadiah

"Visanduku!" Obadiah aligonga meza hadi kibodi ikaruka. "Hesabu yangu iko wapi? Mbona naona visanduku tu?"

Kwenye skrini, ukurasa wa utafiti wake wa kilimo cha chai huko Nyacheki ulijaa maneno matamu, na jina lake juu kwa herufi nene. Lakini pale palipopaswa kuwa na milinganyo mitatu, palikuwa na visanduku vitatu vitupu.

Saa tisa alasiri hiyo, wafadhili wa Uingereza wangeufungua ukurasa huo kwenye mtandao. Wakiridhika, wangemsomesha hadi awe daktari wa takwimu. Sasa ilikuwa saa nane na robo.

Megha, mwenye duka la kompyuta mjini Kisii, alikuwa akitukanwa tangu saa saba. Naye uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Usinipigie kelele, Bwana Obadiah! Programu yenu ya takwimu inatoa kila mlinganyo kama picha. Kwa disketi umeleta maneno peke yake. Picha zimebaki kwa kompyuta ya ofisi. Nenda ulete."

"Niende wapi? Ile kompyuta ilikuwa ya karani wangu, Bathsheba. Mwanamke wa kiburi! Jumatatu nilimfukuza, akarudi kwao Nyamarambe. Nikafuta kila kitu chake, hata faili moja sikuacha."

"Basi umejifutia mwenyewe."

"Ni yeye! Alijua picha zinakaa kando, akanyamaza. Amenimaliza makusudi!"

Jasho lilimtiririka. Alifoka kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, na Megha, pamoja na matusi yote aliyomeza, akaanza kumwonea huruma. Miaka mitatu ya kupima mvua na mbolea, ipotee hivi hivi kwa sababu ya roho mbaya ya karani! Ilimuudhi hata yeye.

Akamsukumia karatasi na kalamu.

"Tulia, mzee. Hesabu si ni yako? Andika hapa kwa mkono. Ni mistari mitatu tu. Mimi nitaichora upya, niitume. Tutawahi."

Obadiah aliishika kalamu. Akaandika Y. Akaandika alama ya usawa. Dakika tano zikapita.

"Endelea," alisema Megha.

"Kutoka hapa mpaka Nyamarambe, kwa kina Bathsheba," aliuliza Obadiah bila kumtazama, "ni mwendo wa muda gani?"