Chumvi ya Kila Ijumaa

Kila Alhamisi jioni Akello alinunua magadi dukani kwa Hamdi, pale mtaa wa West Indies, na kila mara Hamdi alimtania.

"Hiyo mboga haiivi, Daktari? Wiki nenda, wiki rudi."

"Ni ngumu," Akello alijibu, akatia pakiti kwenye mkoba.

Ijumaa alikwenda Kiplombe kumwona baba yake. Alibeba bamba la chuma lenye ukubwa wa daftari, lililochongwa mifereji myembamba, na ndani ya mifereji hiyo mlikuwa na kitu cheupe kilichoganda.

Mzee Oluoch alimsubiri kitandani, amevaa shati lililopigwa pasi, penseli sikioni. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza maziwa kwa miaka thelathini na mmoja. Hesabu alizisomea madarasa ya jioni, tayari akiwa baba wa watoto watatu, na cheti chake kilikaa ukutani juu ya picha ya harusi.

"Imeziba tena?"

"Imeziba, Baba."

Mzee alilichukua bamba, akalisogeza karibu na dirisha. Kazi ya binti yake aliielewa. Mtambo ule mdogo ulipokea hewa ya kaboni, ile inayotoka kwenye moshi wa viwanda, ukaitia maji na umeme, ukatoa asidi ambayo wafugaji huchanganya na majani ya ng'ombe ili yasioze. Umeme ulifanya kazi yake vizuri. Shida ilikuwa chumvi. Ilijijenga kwenye mifereji, na baada ya saa sita hewa ilikosa pa kupita.

Siku alipoelezwa hayo, katikati ya Januari, mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Alisema mabomba ya maziwa yalikuwa na tabia hiyohiyo. Akachora mchoro wake wa kwanza: mifereji iinamishwe, pembe zake zilainishwe, na maji ya uvuguvugu yapitishwe kidogo kila nusu saa, kabla uchafu haujashika. Akello aliondoka na mchoro huo. Ijumaa iliyofuata alirudi na bamba lililoziba, na mzee akachora wa pili.

Wiki hiyo daktari wa hospitali alikuwa amemwita Akello kando, akamwambia kwamba mzee hatamaliza mwezi. Lakini Januari iliisha, Februari nayo ikaisha, na mzee alikuwa bado anachora. Nabwire, mama aliyeajiriwa kumtunza, alisema ni hiyo mashine iliyomshika mkono. Hata kiwandani walimjua hivyo: hakuwahi kwenda nyumbani akaacha kazi nusu. Mwaka mmoja alilala kando ya kompresa siku tatu, mkewe akimletea chakula langoni kama mfungwa.

Yasin, mwenzake Akello kwenye maabara, alimuuliza ni lini mzee ataambiwa ukweli. Akello alisema bado kidogo. Yasin akasema anamkosea mzee wa watu. Akello akamwomba waendelee na kazi.

Kwenye mchoro wa tano, mzee alichovya kidole katika ile chumvi, akaonja.

"Ina ladha ya mboga za jikoni kwa mama yangu," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Akello alikwenda kusimama dirishani, akabaki huko mpaka kikohozi kilipotulia.

Kufikia mchoro wa nane mistari ilikuwa imepinda, na Nabwire ndiye aliyeshika rula.

Ijumaa iliyofuata, nyumba ilinuka karatasi zilizoungua. Nabwire alimweleza Akello mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mzee ameamuru daftari lake lote la michoro litiwe motoni. Hakutaka watu wa matanga waje kuifunua aibu yake.

Siku hiyo mzee hakuuliza habari za bamba.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilidhani najua kitu. Michoro minane, na hakuna hata mmoja uliokusaidia."

Akello alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wake.

"Baba, wa kwanza ulifanya kazi. Ule wa kwanza kabisa."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe. Kisha akampapasa kichwani.

"Hujawahi kunidanganya hata siku moja," alisema. "Usianze leo."

Akello alirudia maneno yake. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akageukia ukutani.

Alifariki Jumamosi asubuhi, Nabwire akiwa bado anapoza uji.

Saa nne Yasin alipiga simu kutoka maabara. Habari hazikuwa zimemfikia. Alitaka tu kumjulisha Akello kwamba mtambo uliotengenezwa kwa mchoro wa kwanza wa mzee umeingia siku ya hamsini na moja bila kuzimwa, na mifereji yote iko safi.