Nyumba ya Matope ya Mbayuwayu

Nilimcheka dada yangu Mwanakombo kwa maua aliyoyachora ukutani kwake, mpaka akayapaka chokaa. Mungu anisamehe. Tangu hapo hekaya hii hainitoki kichwani.

Mbayuwayu alijenga nyumba ya matope chini ya mwamba, akatandika manyoya ndani. Akapita Mnana, fundi wa kusuka majani.

"Shoga, hii ni nyumba au chungu? Wenzako siku hizi wananing'inia mitini!"

Mbayuwayu akaona haya. Akahama, akasuka kiota cha majani kama cha Mnana, ingawa mdomo wake haukuumbwa kwa kusuka. Majirani wakakisifu sana, naye akataga humo. Mvua ya kwanza ikakipasua, mayai yote yakavunjika.

Akarudi mbio kwenye matope yake. Akamkuta Mnana ndani, mkavu, na makinda yake juu ya manyoya.

"Shoga, hii nyumba yangu!"

"Yako? Si uliionea aibu ukahama?" Mnana akajibu. "Tena usisimame mlangoni, unatulowesha."

Nawe ukifika kwa Mwanakombo, tafadhali mwambie achore tena. Mimi hataki kuniona.