Kura Moja ya Nyumba Yetu

Kila nyumba hupewa kura moja kwa mwaka, ya kuchagua kirusi kimoja ambacho wanasayansi watakichunguza. Kinachokosa kura kinasubiri. Mwisho ni saa kumi jioni, na sasa ni saa kumi kasorobo.

Mume wangu, Kirumbe, huu ni mwezi wa tatu anakaa kifua wazi. Vidonda vya mkanda wa jeshi vimekauka, lakini shati likimgusa tu anapiga kelele.

"Mama Nakijwa, mpe mtoto kura," ananiambia. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

Mtoto ni mjukuu wetu, Mkunde. Alizaliwa kiziwi, kwa kirusi kingine alichopata binti yetu Nakijwa akiwa na mimba yake. Sasa Nakijwa ni mjamzito tena. Yuko uani anaanika nguo. Ameniamini, hajaniuliza kitu.

Nimeshaizunguka meza hii mpaka miguu inauma. Kirumbe anajigeuza kitini, anaguna.

Naenda kwenye kisanduku cha kura ukutani, nabonyeza kitufe cha mkanda wa jeshi.

Kisanduku kinalia king'ora: kura imepokelewa. Kirumbe anashtuka. Nakijwa anaingia mbio, mikono inachuruzika maji.

"Mama, umechagua kipi?"

Mkunde peke yake hageuki. Anaendelea kupanga vizibo vyake vya soda sakafuni.