Aliyekula Nyuma ya Pazia

Kijiko cha nyuma ya pazia kiligonga sahani, na Machibya naye akachota. Kikanyamaza, naye akatafuna. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana jioni, lakini alikula taratibu, maana hakutaka kumwacha mwenzake nyuma.

Ilikuwa mara yao ya pili kula pamoja, na hawakuwa wameonana hata siku moja. Kati yao palikuwa na pazia la kijani, na ukutani karatasi yenye masharti: usiongee, usitumie simu, usifungue pazia.

Wali, maharage, yai moja la kuchemsha. Chakula kilikuwa kilekile kila mara, kimepimwa kwenye mizani. Watafiti walikuwa wanachunguza homoni zinazotoka tumboni na kwenye utumbo, zile zinazomwambia mtu ana njaa au ameshiba. Walitaka kujua kama kwa mtu mzima mwenye afya njema zinabaki vilevile miezi inavyopita. Ziara nne, kila baada ya miezi mitatu. Damu kabla ya kula, damu baada ya kula.

"Hatukulinganishi na mtu mwingine, baba," nesi Winnie alimweleza siku ya kwanza. "Tunakulinganisha na wewe mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe kama leo. Chakula, saa, hata mwendo wa kula."

Siku hiyo alikula peke yake, kidude kidogo mbele ya sahani kikinasa mwendo wake wa kutafuna. Ilikuwa wiki ya sita tangu azikwe mkewe, Odeta. Wali ulimkwama, akaumaliza kwa kujilazimisha. Nusura asirudi tena. Aliporudi miezi mitatu baadaye, nyuma ya pazia palikuwa na mtu anakula.

Tusizunguke: Machibya, fundi baiskeli wa miaka hamsini na minne, mzima wa afya, alikuwa mpweke wa kutia huruma. Wanawe walikuwa Dar, wakipiga simu Jumapili kwa haraka kama wanaodaiwa. Nyumbani kwake Igogo alikula amesimama, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Kwao Magu alikokulia, wanaume walizunguka sahani moja, na aliyekula peke yake walimwona ama mchoyo, ama ana lake jambo. Sasa, walau mara moja kila miezi mitatu, alikuwa na wa kula naye.

Akamzoea. Alijua kwamba katikati ya sahani mtu yule huacha kula kwa muda, kisha hushusha pumzi kwa nguvu na kuendelea. Huyu ni mgane mwenzangu, Machibya aliamua. Alijua pia kwamba akimaliza hukung'uta kijiko mara mbili kwenye ukingo wa sahani. Odeta hakuipenda kabisa tabia hiyo, lakini mgane atakemewa na nani?

"Ni mtu wa wapi huyu?" alimuuliza Winnie mwishoni mwa ziara hiyo ya tatu, wakati akitolewa mrija wa damu mkononi.

Winnie akajishughulisha na pamba. "Baba, wewe ukifuata mwendo wake, kwangu inatosha."

"Na ziara ijayo ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo, baba. Tunakushukuru sana."

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa mirefu. Siku moja kabla ya ziara ya mwisho alikwenda soko la samaki la Mwaloni, akanunua sato mnene wa kuwatosha watu wawili, akampelekea jirani yake Mastura amhifadhie kwenye friji.

"Shemeji, una mgeni?"

"Mwenzangu wa kule kwenye utafiti. Kesho nitamkaribisha nyumbani."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Mrefu? Mfupi?"

"Sijamwona bado."

Mastura alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akamtazama usoni, akaacha. "Shemeji, ukila na kipofu usimguse mkono. Kama mnakula kwa amani, pazia unalifungulia nini?"

"Kwa sababu keshokutwa sitakuwa na wa kula naye."

Mastura alimpokea samaki, akamsogezea nafasi kati ya chupa za maji.

Asubuhi Machibya alivaa shati lililopigwa pasi. Winnie alimtoa damu, akamletea sahani, akatoka na vichupa kuelekea maabara. Nyuma ya pazia kijiko kiligonga, wakaanza kula. Aliinyoosha kola ya shati, mtu mzima na mvi zake, kama anayekwenda kuposa.

Alingoja mpaka mwenzake alipoacha kula katikati ya sahani.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "samahani. Naitwa Machibya, nakaa Igogo. Leo jioni nina sato, na nisingependa kumla peke yangu. Karibu kwangu."

Pumzi ikashushwa kwa nguvu, kijiko kikaendelea.

Labda anaogopa masharti, Machibya aliwaza. Masharti yenyewe yanakwisha leo. Na kama ni kufukuzwa, basi wafukuzwe wote wawili, watoke pamoja, waongee njiani.

Aliinuka, akauinua mkono wenye mrija usije ukachomoka, na kwa ule mwingine akalivuta pazia.

Hapakuwa na kiti. Juu ya meza ya chuma palikuwa na spika ndogo, inatafuna. Ilibandikwa plasta, na juu ya plasta, kwa mwandiko wa Winnie, paliandikwa: Machibya Shigela, siku ya kwanza.