Hatukukaa Matanga

Katikati ya shamba la karanga palikuwa na kiraka kirefu kisichoguswa na jembe. Kilikuwa kimefagiliwa asubuhi hiyo hiyo.

Hapo Usinge, kando ya njia ya kale ya misafara, waumini huapa kwamba Nabii wao alipaa mbinguni mzima mzima. Wabishi husema alitoroka. Kashindye alikuja kuandika maisha ya Nabii huyo, na hakuna aliyemkaribisha hata kwa maji, isipokuwa mke wa Nabii.

“Bibi, yupo hapa?” Kashindye aliuliza, wamesimama kando ya kile kiraka.

Bibi alizitazama kwanza nyumba za waumini. “Walimzika kimya kimya, kisha wakanivika kilemba cheupe, wakaniambia nipige vigelegele. Hatukukaa matanga, mjukuu wangu. Mpaka leo hakuna aliyenipa pole.”

Kashindye alizima kinasa sauti. Akavua viatu, akatandika kanga yake vumbini, akaketi na kunyoosha miguu kama mtu aliyefika msibani.

“Pole na msiba, bibi.”

Bibi akakifungua kilemba. Akaketi karibu yake, akaangua kilio, akimwita mumewe kwa jina lake la nyumbani.

Ng’ambo ya shamba, milango ya waumini ikaanza kufunguka.