Fundo la Shingoni

Nikareti mkunga alipofika kwa shemasi Zosimo, Evodia, mke wa shemasi, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hashuki. Kama ilivyo desturi ya kazi yake, alianza kufungua kila kilichofungwa pale nyumbani, maana fundo lolote humzuia mtoto kutoka: akafumua nywele za Evodia, akalegeza mshipi wake, akafungua hata mzigo wa kuni uani.

"Huo ni upagani!" shemasi akafoka mlangoni.

"Na mpagani ndiye uliyemwita." Nikareti hakuinua hata macho. "Limebaki fundo moja, nalo umelifunga wewe."

Shemasi akanywea. Uwanjani watu wake walikuwa wameshika kamba, wakimngoja aje awaamrishe waiangushe sanamu ya mungu wa kike wa uzazi. Kitanzi cha shingoni mwa sanamu alikifunga mwenyewe asubuhi ile, huku akishangiliwa.

"Siwezi. Watanionaje?"

"Hilo shauri lako. Mimi nafanya yangu, wewe kafanye yako."

"Zosimo!" Evodia alipiga ukelele, ameung'ang'ania mkono wa mkunga. "Nenda kafungue!"

Kupitia dirishani Nikareti alimwona shemasi akipanda ngazi iliyoegemezwa kwenye sanamu. Fundo lilikuwa limekaza na ngazi inayumba. Ilimbidi amkumbatie yule mungu shingoni, shavu lake juu ya shavu la jiwe, akaanza kulilegeza fundo kwa meno.

"Haya, mwanangu," Nikareti akamwambia Evodia. "Sukuma sasa."