Ndege Mpya ya Mkuu

Ndege ya kivita ya rubani Penhale ilipotua, fundi wa silaha alifungua kifuniko cha bawa na kuchomoa ganda la risasi lililokuwa limekwama ndani ya mzinga. Lilikuwa limepinda kama kidole kilichovunjika, na bado lilikuwa la moto.

“Umefyatua risasi ngapi leo, bwana?”

“Moja. Mwenzangu ananiita redioni, Wajerumani wawili wako mkiani kwake, na mimi nabonyeza kitufe tu kama mjinga.”

Fundi aliinamisha kichwa. Mizinga hiyo mipya ililazwa ubavu ili ienee ndani ya bawa jembamba, na kila siku ilikwama. Mkuu wa kikosi ndiye aliyewasihi marubani waivumilie. Aliapa mbele yao kwamba yeye pia angeruka nayo mpaka mwisho.

Penhale alikwenda kumtafuta. Alimkuta kando ya ndege iliyoletwa asubuhi hiyo. Mabawa yake hayakuwa na mtutu wa mzinga hata mmoja uliochomoza. Yalikuwa na matundu manane madogo ya bunduki za rashasha, zile za zamani zisizokwama.

“Ya nani hii, mkuu?”

“Yangu.” Mkuu alitazama buti zake. “Zenu zinakuja wiki ijayo, kijana. Vumilieni kidogo.”

Kengele ya hatari ikalia. Marubani wakatimka mbio kuelekea kwenye ndege zao.

Penhale akampita mkuu, akapanda ile ndege mpya, akafunga mikanda.

“Shuka! Hiyo ni amri!”

“Yangu ile pale, mkuu,” alisema Penhale. “Fundi ameshaijaza risasi.”